Stendi Isiyo na Mikono

Watu waliopita karakana ya shemeji yangu walikuwa wakiuliza jambo moja: fundi wa miaka yote hiyo, aliyetengeneza fremu za milango ya nusu ya mtaa, anakosaje stendi ya msumeno? Maana msumeno wake wa pembe, ile mashine ya umeme unayoishusha kwa mpini ikakata mbao moja kwa moja au kwa mshazari unavyotaka, ulikuwa umekaa juu ya meza kuukuu ya ofisi, yenye droo isiyofunguka. Mbao ya fremu ni ndefu kuliko meza ile mara kadhaa. Sasa ncha ya pili inashikwa na nini? Jibu lilikuwa mbele ya macho yao, limevaa gauni la zamani na kitambaa cha kichwa kilichojaa vumbi la mbao. Ilishikwa na dada yangu.

Ndivyo walivyokutana, na kisa hicho nimekisikia mpaka kimenitoka puani. Mlango wa mama yetu ulikuwa unakwaruza sakafu, na Dada akatumwa kwenda kumgombeza fundi. Akafika na maneno yake ameyapanga. Fundi yuko katikati ya kukata, hakumtazama hata usoni, akasema, "Dada, shika hapo kwanza." Akashika. Mbao ile ilipoisha ikaja nyingine, na ugomvi ukasahaulika. "Nilishika kwa adabu tu," Dada alikuwa akisema, "sikujua kwamba ni mkataba." Wateja wakamwita Mama Shika. Mume wake mtaani ni Milimita, kwa sababu hana kipimo kingine mdomoni. Hata mchuzi ukizidi chumvi atakwambia umezidi milimita.

Mimi ni mshonaji. Mdomo ninao, na subira sina, na kwa muda mrefu niliwaona wale wawili kama mabubu. Asubuhi hadi jioni mazungumzo yao yalikuwa maneno mawili. Shemeji: "Shika." Dada: "Nimeshika." Kisha mashine inalia na hakuna anayesikia kitu. Siku nilipokaa karakana nikawatazama ndipo nilipoona kwamba walikuwa wanaongea kwa mbao yenyewe. Mbao ndefu ukiiacha ining'inie hujipinda, hubana meno ya msumeno, na kitu kilichobanwa na meno yanayozunguka kwa kasi ile huruka. Dada alikuwa anaijua ile dakika ya kubana kabla haijafika. Aliinua kidogo au alishusha kidogo, kipande kikaachana na mwenzake bila kelele. Na kama Shemeji alikuwa anataka kukata pasipo mahali pake, Dada aliitikisa ile ncha mara moja tu, naye alisimama akapima upya. Hakuna siku aliyomwuliza kwa nini.

Dada alisimama upande wa kushoto, karibu na dirisha ambalo mbao ndefu hutokea nje. Sakafu ya karakana ni ya saruji nyembamba, ya kubania matumizi, na pale aliposimama ilimomonyoka ikawa bonde dogo, kama lile kuku wanalochimba wakioga vumbi. Kila nilipowatembelea nikapafagia nilisema, "Pazibeni hapa, mtu atavunjika mguu." Dada alinijibu, "Paache, ndiyo viatu vyangu."

Humo kwenye viatu vyake ndimo kiharusi kilimomkuta. Ncha ya mbao ilianguka, mashine bado inalia, na Shemeji bila kugeuka akapiga kelele, "Mama, shika vizuri!" Alipogeuka, mkewe alikuwa amekaa chini kwenye maranda, anautazama mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine. Shemeji alinisimulia hilo mara moja, hakurudia. Lakini kila nilipomwona anamfunga Dada vifungo vya gauni nilijua kwamba ile kelele bado anaisikia.

Dada alirudi kutoka hospitali mdomo umevutwa upande, mguu unaburuta, maneno yanatoka polepole kama yamefunikwa blanketi, na mkono wa kulia unaning'inia. Nilifunga cherehani yangu nikahamia kwao, nikaiweka sebuleni. Mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mpole, alimpa mpira wa kubinya. Dada akautazama, akasema kwa shida, "Mimi... mtoto?" Shemeji aliuchukua ule mpira akatoka nao. Tukasikia randa, tukasikia msasa. Aliporudi alikuwa na kipande cha mbao ngumu, masalio ya fremu ya mlango, amekilainisha kama shavu, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba ili vidole vianze kwa urahisi na kuongeza taratibu.

"Hii unaijua," alimwambia. "Siku ukiishika hii mpaka upande mnene, mimi nakungoja kule. Nafasi yako ipo."

Nafasi yako ipo. Likawa neno la kila asubuhi, pamoja na chai. Dada alikibinya kile kipande, yaani alikiweka kwenye kiganja cha kulia na kuvikunja vidole kwa kutumia mkono wa kushoto, halafu anavitazama vikifunguka vyenyewe, halafu anaanza tena.

Yule mama wa mazoezi alitutoa nje siku moja, mimi na Shemeji, akatuambia ukweli. Mguu huenda ukasaidika kwa mkongojo. Mkono, hapana. "Msimtie matumaini ya mkono," alisema. Shemeji alishukuru kwa adabu, akaingia ndani, na kesho yake nikamsikia: "Nafasi yako ipo, Mama."

Nilimfuata karakana. "Shemeji, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akipata nguvu."

"Nguvu za kuvunjikia moyo?"

Akachukua penseli yake sikioni akaanza kuchora mstari kwenye mbao ambayo haikuwa na kazi yoyote. Huyo ndiye Milimita, ukimbana hupima.

Na kazi ikapotea. Fremu za milango, ambazo ndizo zilizotulisha, hakuweza kuzikata peke yake, na waliokuja kuziagiza aliwaambia ana kazi nyingi, wakati karakana ilikuwa kimya kama shule ya likizo. Akabaki na vitu vifupi: fremu za picha, vigoda, rafu za viatu. Alijaribu kumweka mtu wa kumshikia, mwanamume mzima, aliyeshika mbao kama mtu aliyebeba jeneza la mkwe. Dada alimwona kupitia mlangoni, amesimama ndani ya lile bonde. Akageukia ukutani na chakula hakugusa. Nilijaribu kumchekesha Shemeji, nikamwambia, "Umemletea mwenzangu mke mwenza bila hata kubisha hodi." Hakucheka, na yule mtu hakurudi.

Ndipo mimi nikasema: stendi. Nilikuwa nimeziona kwenye duka la zana, stendi zenye mikono mirefu inayovutwa huku na huku, na mwishoni mwa kila mkono kuna roli, bomba fupi linalozunguka, ambayo mbao inapita juu yake. Mkono hauchoki, hauugui, na hauna wivu. Stendi si mtu, nilimwambia, Dada hawezi kuionea uchungu. Nilikuwa najidanganya na nilijua. Stendi yenye mikono ilikuwa na maana moja tu, na katika nyumba ile hakuna ambaye asingeisoma: Mama Shika harudi. Lakini nilichoka na ule uwongo wa asubuhi, na nilitaka kitu cha chuma kiseme badala yetu.

Tulikwenda dukani, mimi na Shemeji. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye furaha ya biashara, kila mtu kwake ni bosi, hata mimi. Alituonyesha aina tatu. Ya kwanza ilikuwa na magurudumu, inakunjwa na kuvutwa kama mkokoteni, ya mafundi wanaohamahama. Shemeji aliitikisa kidogo akaiacha, akasema inacheza kama jino la mzee. Ya pili ndiyo ile ya mikono. Ya tatu ilikuwa fupi, nyepesi, haina mikono, ila miguu yake inashushwa chini kuliko ya zile nyingine.

Kwenye ile ya pili alikaa sana. Alichuchumaa akatazama usawa wake kwa jicho moja. Aliikandamiza kwa uzito wake wote na haikulia. Akauvuta mkono wa kushoto mpaka mwisho, akaipitisha roli chini ya kiganja chake, ikazunguka bila sauti yoyote. Niliona uso wake. Fundi akikutana na zana nzuri huwa hawezi kuficha, kama mimi na mkasi mpya. Halafu akasimama pale mwisho wa ule mkono, mahali ambapo mkewe angekuwa amesimama, na uso ukazimika. Akausukuma mkono urudi ndani polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa aliyelala.

"Hii ndiyo yenyewe, bosi," alisema muuzaji. "Au unafanya kazi na mtu?"

"Nina mtu," alisema Shemeji.

"Aa! Kama una mtu, mikono ya nini? Utajaza karakana bure. Chukua hii fupi."

"Shemeji," nilisema.

"Nina mtu," akarudia, bila kunitazama. Kisha akamwuliza muuzaji, "Hii inashuka mpaka wapi?"

Muuzaji akaishusha miguu. Inafika magotini. Shemeji akaomba kiti, akakiweka kando yake, akakaa, akanyoosha mkono kama anayeshika ncha ya mbao. "Hapa," alisema. "Akikaa kwenye kiti anafikia."

Hapo nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Kimo cha stendi ni kimo cha anayekata, hilo hata mimi nalijua kwa kumsikia: simama wima, ning'iniza mkono, meza ifike kwenye kifundo cha kiganja, vinginevyo mgongo utakudai. Yeye aliyewafundisha hivyo mafundi wenzake alikuwa anachagua stendi kwa kimo cha mwanamke aliyekaa kwenye kiti, mwanamke ambaye kiganja chake hakifungi. Atakata ameinama mpaka uzeeni. Na alikuwa anatabasamu.

Njiani nilimpasha. Nilimwambia anampaka Dada mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba huo si upendo, ni woga uliovaa nguo za upendo. Aliniacha nimalize, na mimi nikianza huwa simalizi upesi. Kisha akasema, "Shemeji, mtu ukimwondolea nafasi yake, anabaki na nini?"

Tulipofika nyumbani nilimsaidia kuiteremsha ile stendi fupi.

Dada alitaka kuiona. Tulimkokota mpaka mlangoni mwa karakana, mimi huku na mkongojo kule. Aliitazama stendi kwa makini, upande huu na upande huu, kama anayemkagua mchumba wa binti. "Mi-kono?" aliuliza.

"Mikono ni wewe," alisema Shemeji. "Nimeishusha. Utakaa."

Nusu ya mdomo wake ikacheka, ile nusu iliyobaki. Mimi nilitoka nje, nikafungua bomba ili pawe na kelele, nikalia.

Kuanzia siku hiyo Dada alibinya kile kipande kama mtu aliyepandwa na kitu. Alinitaka nimfungie mkononi kwa utepe wa nguo ili kisidondoke akilala. Ngozi ya kiganja ikachubuka. Mama wa mazoezi alitugombeza sisi, na sisi tukatazama chini, kila mtu kwa sababu yake. Usiku wa manane wala mchana hakukuwa na tofauti, ukipita kitandani kwake utaona vidole vya kushoto vinavikunja vya kulia, vinavikunja, na vya kulia vinafunguka.

Kisha Shemeji akapokea fremu. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anajenga na alitaka fremu za nyumba nzima, na Shemeji akakubali. Labda kwa sababu unga ulikuwa umekaribia chini ya debe. Labda kwa sababu uwongo ukiurudia sana nawe unaanza kuuamini. Kwenye ile nafasi ya kushoto alipanga kigoda, juu ya kigoda makopo ya rangi, juu ya makopo kipande cha gunia, na ncha ya mbao ikalala hapo. Akainama kwenye ile stendi fupi kama anayefua nguo.

Mimi nilikuwa sebuleni nakunja upindo. Dada yuko kitandani, chumba kinachopakana na karakana, mlango wa kati umeachwa wazi apate hewa. Nikasikia Shemeji anasema, kwa mazoea, pasipo kujua kwamba anasema: "Shika."

Na kutoka kitandani, polepole: "Ni-me-shika."

Nikadhani wanataniana, nikatabasamu peke yangu. Mashine ikalia. Mbao moja, mbili, tatu. Kila mara, "Shika." Kila mara, "Ni-me-shika." Kisha ukaja mlio mwingine, wa chuma kinachobanwa, makopo yakaporomoka, na kitu kizito kikapiga ukuta.

Nilipitia mlango wa nje. Stendi ilikuwa imelala ubavu, msumeno chini, mbao imepasuka na ncha yake imeutoboa ubao wa dirisha. Shemeji amekaa chini ameshika mkono wake, umekwaruzwa tu, hana jeraha la maana. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia alichostahili kuambiwa. Ndipo tukasikia mguu unaburuta.

Dada alikuwa ameamka mwenyewe. Hakuwa na mkongojo. Amejiegemeza ukutani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni hapakuwa tena na ukuta, akaja hivyohivyo, anatazama ile ncha ya mbao tu. Tulikimbia wote wawili na hatukumwahi. Alianguka ndani ya lile bonde, kwenye viatu vyake, na ule mkono wa kulia amejinyoosha nao mbele, kipande kimefungwa kwa utepe wangu kiganjani.

Shemeji alimwinua kichwa. Midomo yake ilikuwa inahangaika na neno, na sisi tukangoja.

"Sa-ma-hani, Fundi," alisema. "I-me-ni-ponyoka."

Sijawahi kumwona mwanamume analia vile na sitaki kuona tena. Alikuwa anasema, "Si wewe, Mama, si wewe, hata siku ile haikuwa wewe," na Dada anamfuta maranda usoni kwa mkono wa kushoto na kumwomba radhi, kwa sababu yeye alijua alipewa kazi ya kushika na mbao imeanguka.

Hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika. Majirani wakasema afadhali. Mimi sikuona afadhali iko wapi.

Jioni ya kurudi, Dada alikataa uji. Aliuweka mkono wa kulia juu ya shuka, kama mtu anayeweka bidhaa mezani ithaminiwe, akamtazama mumewe. "Huu," alisema. "U-ta-rudi?"

Shemeji alinitazama.

"Haurudi, Mama."

"U-lijua?"

"Nilijua."

Alifumba macho. Nilifikiri atalia, na ningeshukuru angelia. Uji ukaganda, kisha akasema, moja kwa moja kuliko alivyowahi kusema tangu augue, "Kairudishe. Lete yenye mikono."

Muuzaji alicheka alipotuona. "Bosi! Si ulisema una mtu?"

"Nilikosea," alisema Shemeji.

"Basi usihuzunike. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Wanaopenda kuisema methali hiyo ni watu ambao koleo lao bado zima. Nilimwambia hivyo, na pia nilimwambia ashike upande wake wa stendi atupakilie, maneno tunayo ya kutosha nyumbani.

Shemeji aliifunga asubuhi iliyofuata. Safari hii aliipandisha miguu mpaka kifundo cha kiganja chake mwenyewe. Haikuwa na pengine pa kukaa ila palepale, dirisha likiwa kushoto, na kwa vile miguu yake imetanuka, mmoja ukaingia kwenye bonde la Dada. Ikawa inacheza. Aliweka pimamaji juu yake na kile kiputo cha hewa ndani ya kioo kikakimbilia upande. Akatafuta kipande cha kuweka chini. Hiki chembamba, hiki kinene, hiki laini kitabonyea. Akiikandamiza inagonga: ngo. Akiiachia: ngo. Yule mwenye kipimo kwa kila kitu hakuwa anapata kipimo cha bonde ambalo mkewe alilichimba kwa nyayo zake. Nyumba nzima ilikuwa inasikia. Nilisimamisha cherehani.

"I-nacheza," alisema Dada kutoka kitandani.

Nikaenda mlangoni kwake. Alikuwa amefungua utepe kwa meno. Kile kipande kilikuwa kwenye mkono wa kushoto, amekinyoosha. Ule upande mwembamba ulikuwa umekolea rangi kwa jasho. Ule mnene ulikuwa bado mweupe, kama siku ulipopigwa msasa.

"Mpe," alisema. "Hii i-naingia. Pale na-pajua."

"Dada, hicho ni cha mazoezi."

"Ma-zoezi ya nini?"

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija. Nilitaka kukinyang'anya nikitupe juu ya paa. Nilitaka amkatalie, aseme lile neno lake la asubuhi, uwongo ule ule nilioutukana, laiti angeusema ningempigia magoti. Alinipita, akakipokea kwa mikono miwili, akarudi karakana.

Nikamwona anainua mguu wa stendi, anaingiza kipande kwa ncha nyembamba, anakisukuma kwa kiganja, bila nyundo. Kikaingia mpaka mwisho, kama kilichokatwa kwa ajili ya pale. Kiputo kikaja katikati kikatulia. Aliikandamiza stendi na haikugonga. Akaivuta mikono yake miwili, akalaza juu yake mbao ndefu ya yule mwalimu, ikateleza juu ya roli mpaka ncha ikafika dirishani, sawa kabisa, na hakuna aliyeishika.

Akashika mpini. Mdomo wake ukafunguka.

Nilikuwa nimesimama mlango wa kati, yeye upande huu na Dada upande huu. Dada alikuwa ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, midomo iko tayari, anangoja kuitwa. Shemeji akafunga mdomo. Akashusha msumeno, ukalia, ukakata, na kipande kikaachana na mwenzake bila kelele.

Dada akarudisha kichwa kwenye mto.